Mama anaona nondo za dirisha zimepinda: nimnunulie vitamini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Wiki ya pili sasa jicho la kushoto linamwonyesha nondo za dirisha zimepinda, na akimtazama mtu usoni kuna kivuli katikati. Duka la dawa wamesema ni uzee, nimnunulie vitamini za macho. Zitamsaidia?

Jibu: Marahaba. Hela ya vitamini iwe nauli kwanza. Kuchakaa kwa makula huja na umri, hilo ni kweli, lakini mstari ulionyooka ukianza kupinda ghafla, huenda ni aina ya majimaji ya ugonjwa huo, si ile kavu inayokwenda polepole. Makula ni kieneo kidogo katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), ndicho cha kusomea na kutambua sura. Mishipa ya damu iliyo dhaifu huota chini yake, huvuja, na retina huinuka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Hapo pakishakuwa kovu, hakuna dawa ya kuurudisha uoni. Amwone daktari wa retina wiki hii. Piga simu kwanza uulize kama yupo na kama mashine ya OCT, inayopiga picha za tabaka za retina, inafanya kazi.

Mtoto wa jicho huleta ukungu kote, presha ya macho hula pembeni. Makula hula katikati, kwa hiyo mama atatembea bila kujikwaa lakini kutunga uzi kwenye sindano kumshinde.

Jicho la kulia nalo lipimwe kila siku nyumbani. Chukua karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba, weka nukta katikati. Avae miwani yake ya kusomea, karatasi iwe umbali wa sentimita 35 hivi kutoka usoni, afunike jicho moja bila kulikandamiza, akazie nukta na aseme kama mistari imepinda au kuna kivuli. Kosa la wengi ni kupima macho yote wazi: jicho zima huficha ubovu wa mwenzake.

Ikithibitika ni majimaji, tiba ni sindano ndani ya jicho baada ya ganzi. Inayotumika sana kwa bei nafuu ni bevasizumabu, miligramu 1.25 katika mililita 0.05. Ilianza kama dawa ya saratani, msishtuke mkiona hivyo kwenye karatasi yake. Kwa kawaida huchomwa kila mwezi mara tatu, kisha nafasi huongezwa kwa kufuata picha za OCT. Tatizo kubwa ninaloliona ni mgonjwa kuacha baada ya sindano ya pili kwa sababu "ameshaona". Maji hurudi. Doa jekundu kwenye weupe wa jicho baada ya sindano si tatizo, ila maumivu yakizidi au uoni ukishuka siku zinazofuata, arudi siku hiyohiyo: yaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho.

Vitamini sasa. Zina kazi kwa aina kavu iliyofika hatua ya kati, au jicho moja likishaharibika sana, kulinda la pili. Hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban robo katika miaka mitano, hazirudishi uoni. Soma kibandiko, kwa siku iwe: vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, luteini na zeaksantini (rangi za asili za mboga) miligramu 10 na 2, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Shaba isikosekane, maana zinki nyingi huizuia kufyonzwa na mtu akaishiwa damu. Aliyewahi kuvuta sigara akwepe zenye beta-karotini, huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Mchicha uliotiwa mafuta kidogo nao una luteini.

Siku ya kipimo mfuatane. Matone ya kupanua mboni humwachia ukungu kwa saa kadhaa, asivuke barabara peke yake.