Jigiso ya waya: maswali yenu kutoka Tanga

Wiki hii maswali mengi ni ya jigiso, ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi inayopanda na kushuka. Kwa kuwa ni mdogo, watu wanauamini kupita kiasi, na hilo linanitia hofu.

Shikamoo fundi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, naiweka jigiso mezani nasubiri urudi. Ina kile kitufe cha kufunga swichi. Kuna ubaya? (Kijana wa karakana, Ngamiani)

Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, tena mkubwa. Kitufe hicho huishikilia swichi hata ukiachia kidole. Umeme ukikatika mashine inanyamaza, nawe unatoka barazani kuuliza kama ni mtaa mzima. Huku nyuma umeme unarudi na jigiso inaamka peke yake, bledi ikipanda na kushuka mara 3,000 hivi kwa dakika. Inatambaa mezani mpaka inaanguka, na pale chini huenda kuna mtoto anaokota maranda. Mashine nyingi za bei nafuu hazina kinga ya kuzuia hilo.

Taa zikizimika tu, fanya mambo mawili kabla ya kuinua mguu: bonyeza swichi na kuiachia ili kitufe kifunguke, kisha chomoa plagi. Kitufe chenyewe kitumie kwa mstari mrefu tu, ubao ukiwa umebanwa. Kwa kazi ndogo ndogo, kidole chako ndicho breki.

Jigiso yangu ina plagi ya miguu miwili ya duara. Haiingii mpaka nichokonoe tundu la juu kwa kalamu. Mwenzangu kakata plagi, anachomeka nyaya kwa njiti za kiberiti. Nani afadhali? (Mikanjuni)

Hakuna afadhali, ndugu yangu. Mguu wa juu wa plagi ya miguu mitatu ndio unaofungua vizibo vya matundu ya umeme. Ukichokonoa unaiondoa kinga hiyo kwa mkono wako. Na njiti ni hatari zaidi. Waya wa jigiso unavutwa huku na huku siku nzima, njiti zinalegea, na waya uchi wenye volti 230 unaangukia kwenye maranda au mguuni pako.

Tazama kibandiko cha mashine. Ukiona mraba ndani ya mraba, imetengenezwa na kinga maradufu, haihitaji waya wa ethi, yaani ule wa kupeleka umeme ardhini. Fundi umeme akufungie plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi, nyaya mbili tu zikaingia. Jigiso ya wati 650 inavuta chini ya ampea 3, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Kama unatumia ekstensheni ya kuzungusha, ikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa inapata moto.

Bledi imeuchuna waya kidogo. Nimezungushia tepu. (Duga)

Badilisha waya mzima. Tepu inalegea kwa jasho na joto. Siku nyingine upitishe waya begani, ubaki nyuma yako. Ukiukata wakati wa kazi usiuguse: zima ukutani kwanza, uchomoe, ndipo uutazame.

Nataka kukata maua kwenye plaiwudi ya kabati. Mkono wa kushoto niuweke wapi? (Mama wa Makorora)

Juu ya ubao, mbali na mstari, Mama, na kamwe usiuweke chini. Mwaka 1946 Mswisi Albert Kaufmann alifunga bledi ya msumeno kwenye cherehani mahali pa sindano, na ndiyo asili ya mashine hii. Ichukulie hivyo: kama sindano, inatokea upande wa pili usiouona, na vidole vinavyoshika ubao kwa chini ndivyo inavyovikuta.

Basi ubane ubao mezani kwa klampu mbili, sehemu ya kukata ikining'inia nje, na uhakikishe bledi haitagusa meza. Chagua bledi ndefu kuliko unene wa ubao, ili hata ikipanda ncha ibaki chini. Ncha ikigonga mbao, mashine inaruka. Kandamiza bamba la chini lilale bapa, washa kabla bledi haijagusa, na usiinue mpaka itulie kabisa. Ua la katikati litobolee kwanza kwa drili, usichomeke bledi kwa nguvu. Meno yanatazama juu, hivyo uso mzuri wa plaiwudi uelekee chini. Mtandio uchomeke vizuri, ncha zisining'inie.

Nivae glavu? (Pongwe)

Zilizolegea, hapana. Miwani ya kinga, ndiyo, kila mara.

Nakata mvule na mtiki wa Longuza. Vumbi linanikohoza, na bledi zinaisha upesi. (Chumbageni)

Kikohozi hicho usikizoee, fundi. Tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa hakitoshi, vaa barakoa ya N95, ukate mahali penye upepo, na usipulize vumbi kwa mdomo.

Kuhusu bledi: mvule mara nyingine huwa na madonge ya chokaa ngumu ndani. Mlio ukibadilika ghafla, simamisha, chomoa, angalia. Bledi iliyopinda au kung'oka meno itupe, lakini iache ipoe kwanza, maana inaunguza.