Re: Mdogo wangu kipa, ana miaka 17, yupo Dodoma, atatoboa nje?

Mkuu anatoboa, ila usimharakishe. FIFA hairuhusi mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nje, labda kwa sababu chache sana, so kama kuna wakala anayetaka hela ya viza saivi mkimbie kabisa!! Kipa anakomaa taratibu, mcheki kipa Denis Onyango wa Uganda, alipita Ethiopia kwanza ndo akaenda Sauzi, akahangaika timu kadhaa huko, Ligi ya Mabingwa Afrika kaibeba na Sundowns ya huko Sauzi 2016 akiwa na miaka 31. Dogo apambane hapa Dom apate mechi, Yanga wakija kucheza uwanja wa Jamhuri amwangalie kipa wao Diarra anavyoanzisha mpira kwa miguu, siku hizi makocha wanataka hicho.