Geti upande wa lami: kauli ni ya nani?

Mkuu, umeuliza kama manispaa inaweza kukuzuia kufungua geti upande wa lami na kukulazimisha utumie njia ya nyuma, wakati kiwanja chako cha kona kina hati. Kuzuiwa unaweza, ila kwanza jua barabara ni ya nani. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, kauli ni ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za mtaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Hati yako inaishia kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Kutoka hapo hadi lami ni hifadhi ya barabara, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hujengi kitu humo bila kibali cha maandishi.

Kona nayo ina shida yake: geti likiwa karibu na makutano, dereva anayekata kona hakuoni ukitoka kinyumenyume. Omba kulisogeza kuelekea mpaka wa jirani, na upeleke mchoro wenye umbali kutoka kona na kalavati (bomba kubwa la kupitishia maji chini ya njia) utakayoweka mtaroni. Hapo kwenye mtaro ndipo wengi huharibu. Wanamwaga kifusi, wanapitisha kibomba chembamba cha plastiki, masika ikifika maji yanaingia sebuleni kwa jirani.

Wakikataa, dai sababu kwa barua, si kwa mdomo wa mgambo. Mahakamani usikimbilie, maana kuishtaki serikali kunataka notisi ya siku 90. Na mwenyekiti wa mtaa msalimie tu. Kibali hiki hatoi yeye, hata akikugongea muhuri.