Maswali ya Wasomaji: Mchapishaji Hukulipa, Mchapaji Unamlipa Wewe

SWALI: Mhariri, pokea salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Kahawa West, na kwa miaka minane nimekuwa nikihubiri katika ibada ya vijana. Nimekusanya mahubiri yangu 31 ya Kiswahili yakawa mswada wa kurasa 212. Nimeupeleka kwa wachapishaji watatu wa jijini. Wawili hawajajibu tangu Februari, na wa tatu alisema kazi ni njema ila haina soko. Sasa kampuni moja ya katikati ya jiji iko tayari kukitoa kitabu changu iwapo nitalipa shilingi 180,000 kwa nakala 500. Nimekwisha kuomba mkopo katika chama chetu. Je, nilipe? Nimeambatanisha mahubiri matatu ya kwanza.

JIBU: Usilipe bado, ndugu yangu, na kama fedha za chama hazijatoka, ziache huko huko kwa sasa. Kiswahili kinayo maneno mawili yanayofanana sana masikioni, na kufanana huko kumewaponza waandishi wengi. Mchapishaji ni yule anayeusoma mswada, akauhariri, akautengenezea jalada, akagharamia uchapaji na usambazaji, kisha akamlipa mwandishi mirabaha, yaani fungu lake la mauzo; mchapaji ni mwenye mitambo, ambaye hupiga chapa alicholetewa na kudai ujira wake. Kazi zote mbili ni za halali. Tatizo huja pale mchapaji anapovaa joho la mchapishaji, akakuahidi kwamba kitabu kitafika madukani, ilhali kazi yake hukoma siku unapoyabeba maboksi yako.

Tufanye hesabu. Ukigawanya 180,000 kwa 500 unapata shilingi 360 kwa kila nakala, kabla ya nauli. Tuseme bei ya kitabu ni shilingi 500, na mwenye duka anataka punguzo la asilimia 35: utakabidhiwa shilingi 325, yaani kila nakala itakayouzwa dukani itakutia hasara ya shilingi 35, na kadiri kitabu kinavyopendwa ndivyo deni la chama linavyonona. Hesabu hii hukaa sawa tu iwapo utauza mwenyewe, mkono kwa mkono, mezani nje ya kanisa baada ya ibada. Nami nasema haya nikiwa nimeumwa na nyoka huyo: nilipokuwa kijana nilimlipa mchapaji mmoja anipigie nakala 1,000 za kijitabu cha maombi, nikazipokea kurasa za 49 hadi 64 zikiwa zimejalidiwa juu chini, na nilipolalamika nikaulizwa kwa nini sikuja kuikagua nakala ya majaribio. Swali lilikuwa la haki, ingawa siku hiyo sikuliona hivyo.

Sasa tuuangalie mswada wenyewe, maana nadhani ndiko jawabu liliko. Katika mahubiri matatu uliyonitumia, maneno "mwambie jirani yako" yametokea mara 14. Kanisani maneno hayo huamsha watu, huwafanya wacheke na kugeukiana. Lakini msomaji aliyebanwa dirishani ndani ya matatu ya kwenda Rongai hana jirani wa kumwambia, isipokuwa mgeni aliyesinzia begani mwake. Vivyo hivyo katika ukurasa wa tano umeandika, "Kama mlivyosikia wiki iliyopita." Nani alisikia? Umeyahamisha mahubiri kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwenye karatasi bila kuyaandika upya, na mhariri huligundua jambo hilo kabla hajafika ukurasa wa pili. Tena, mkusanyiko wa mahubiri huuzwa zaidi na jina la mhubiri kuliko mada zake. Mhubiri ambaye hajulikani nje ya mtaa wake humpa mchapishaji mzigo mzito wa kuuza.

Hata hivyo ndani ya kurasa hizo mna kitu. Mahubiri ya pili, yale ya kijana anayeficha simu yake chini ya Biblia wakati wa ibada, yanaishia kwa maswali manne uliyowauliza vijana wako, na maswali hayo ni mazuri kuliko mahubiri yenyewe. Ningekuwa wewe ningechagua mada 12, nikazigeuza kuwa masomo ya vikundi vya vijana, kila somo kurasa tano au sita, lenye kisa, fungu la Maandiko na maswali. Kanisa moja hununua kitabu cha mahubiri nakala mbili tatu. Kitabu cha masomo hununuliwa kwa idadi ya wanakikundi. Kisha mpe mwalimu wa kanisa lingine, asiyekujua, ayafundishe bila wewe kuwepo. Atakapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha.

Ukimaliza, usitawanye mswada ovyo. Kila mchapishaji ana wasomaji wake. Uzima ni shirika la uchapishaji la Kanisa la Anglikana la Kenya. Evangel lina mizizi katika makanisa ya kiinjili. Paulines ni la masista wa Kikatoliki wa Mtakatifu Paulo. Na WordAlive ndilo lililoshiriki kutoa, mwaka wa 2006, ule ufafanuzi wa Biblia nzima ulioandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika. Ingia dukani, shika vitabu vya kila mmoja, uone kama chako kingekaa kwenye rafu hiyo bila kuonekana mgeni. Kisha tuma barua ya ukurasa mmoja ukieleza kitabu ni cha nani na kwa nini wewe ndiwe wa kukiandika, pamoja na muhtasari na masomo mawili. Mwezi wa Septemba, Chama cha Wachapishaji wa Kenya kinapoandaa maonyesho ya vitabu ambayo kwa kawaida hufanyika Sarit Centre, Westlands, nenda siku ambayo si ya msongamano wa wanafunzi, uzungumze na wahariri ana kwa ana.

Tena usiishie Nairobi. Sehemu kubwa ya vitabu vya Kikristo vinavyotolewa hapa ni vya Kiingereza, ilhali ng'ambo ya mpaka wa Namanga, nchini Tanzania, Wakristo husali, huimba na husoma kwa Kiswahili tangu Jumapili hadi Jumapili. Central Tanganyika Press ya Dodoma ni ya Waanglikana, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wana kiwanda chao cha uchapaji Ndanda, na Soma Biblia wana mtandao wa maduka ya vitabu vya Kikristo. Ila mtafute Mtanzania aupitie mswada kwanza, kwa kuwa "pasta" wako kule ni mchungaji, na kuna maneno ya mtaani mwetu ambayo yangemfanya msomaji wa Iringa akune kichwa.

SWALI: Dada mhariri, nimeandika kijitabu cha tafakari za rozari na kukichapa kwa gharama yangu. Paroko wangu wa hapa Embakasi amenikataza kukiuza kwenye viwanja vya kanisa, ingawa amekisoma na kukisifu. Je, ni wivu?

JIBU: Sidhani, mama. Kanuni ya 827 ya Sheria za Kanisa za mwaka wa 1983 inasema kwamba maandishi yanayohusu dini au maadili hayawezi kuonyeshwa, kuuzwa wala kugawiwa katika makanisa isipokuwa yamechapishwa kwa ruhusa ya mamlaka husika ya Kanisa, au yameidhinishwa nayo baadaye. Neno hilo la "baadaye" ndilo mlango wako. Peleka nakala mbili katika ofisi ya jimbo kuu pamoja na barua ya paroko, kwa kuwa amekisifu, na uombe idhini. Padri mkaguzi akikuonyesha sentensi inayopotosha mafundisho, irekebishe katika toleo lijalo wala usione ni matusi. Ukiipata idhini, kumbuka waumini wa jumuiya ndogondogo, ambao huzoea kusoma kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka wakiwa wameketi sebuleni kwa mmoja wao. Kijitabu chembamba chenye herufi kubwa, kinachosomeka kwa mwanga hafifu, kitapokewa huko kuliko kwenye rafu ya duka.

SWALI: Je, nahitaji ruhusa kunukuu Biblia katika kitabu changu? Neno la Mungu si la wote?

JIBU: Neno ni la wote, tafsiri ina mwenyewe. Tafsiri za Kiswahili tunazozitumia zaidi zinasimamiwa na vyama vya Biblia vya Kenya na Tanzania. Kwa mistari michache, taja tafsiri uliyoitumia katika ukurasa wa hakimiliki. Ukitaka kuweka sura nzima, waandikie Chama cha Biblia cha Kenya kabla ya kupiga chapa. Na chagua tafsiri moja uishike hadi mwisho, kwa maana mswada unaorukaruka kati ya Union Version na Habari Njema bila kusema humpa mhariri kazi ya wiki nzima, na wengine huurudisha tu.