Jibu: Kamera ya Loleza kuganda kwenye mesh ya redio

Mkuu, umesema kamera yako ya mlima Loleza, Mbeya, inayopita kwenye mesh ya redio ya ridhaa (vituo vya redio vya wapenzi wa redio vinavyopokezana data), inaonekana safi ukiwa peke yako Uyole, ila wenzako wawili wakifungua tu, picha inaganda. Antena iache kwanza. Kila anayefungua anavuta mkondo wake wa video kutoka kwenye kamera: watu watatu wa megabiti 4 kwa sekunde ni megabiti 12 hewani. Na nodi (kituo cha mesh) ya katikati ikipokea na kurusha kwa chaneli ileile, uwezo unashuka karibu nusu.

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, tafuta mkondo wa pili (nyingi za siku hizi zinao). Weka H.264 (njia ya kubana video), pikseli 640 kwa 360, fremu (picha) 5 kwa sekunde, kilobiti 300 hivi kwa sekunde. Kuangalia ukungu unavyopanda mlimani kunahitaji nini zaidi? MJPEG, njia nyingine ya video, usiiguse, inatuma kila fremu nzima nzima. Watazamaji wakiongezeka, weka kompyuta ndogo hapo Uyole ivute mkondo mmoja na kuwagawia wengine.

Halafu zima HTTPS (usimbaji unaoficha data) kwenye kamera. Kanuni za redio ya ridhaa kwa kawaida hazitaki ujumbe uliofichwa maana. Nywila itapita wazi, kwa hiyo usitumie ile ya barua pepe yako.