Kwa nini volkano moja hulipuka na nyingine hutiririka tu?

Swali la mwanao ni zuri sana: kwa nini mlima mmoja unarusha majivu angani na mwingine unamwaga lava taratibu? Mwambie yote yanategemea gesi na jinsi magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inavyonata.

Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kwa hiyo hupanda juu. Ndani yake kuna gesi, hasa mvuke wa maji, iliyobanwa na mgandamizo. Ikikaribia juu mgandamizo hupungua na mapovu huanza kutoka, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Magma ikiwa laini, kama ya Nyiragongo kule Kongo, gesi hutoka kwa urahisi na lava hutiririka. Ikiwa ya kunata kama uji mzito, gesi hunaswa, nguvu hujikusanya, kisha kishindo! Ndivyo Pinatubo ya Ufilipino ilivyolipuka mwaka 1991.

Hapa watoto wengi huchanganyikiwa: majivu ya volkano si ya kitu kilichoungua. Ni vipande vidogo mno vya mwamba na kioo, magma iliyopasuliwa na gesi yake yenyewe. Ndiyo maana hukwaruza macho na kuumiza mapafu.

Ukiweza, mtafutie lile jiwe jepesi lenye matundu la kusugulia nyayo, la asili, si la kiwandani. Kila tundu ni povu la gesi lililogandia humo. Mwache aliweke kwenye maji, litaelea.