"Perennial" si "kila mwaka"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetafsiri andiko la mradi wa kilimo, na "perennial crops" nikaandika "mazao ya kila mwaka". Kwenye somo moja la video nilifundishwa kwamba per ni kila na ennial ni mwaka. Mteja amenirudishia kazi yote. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mteja ana haki, maana umeandika kinyume cha kilichosemwa. Zao la kila mwaka ni mahindi: ukishavuna, unarudi kupanda upya. Andiko lako lilikuwa la kahawa, korosho, minazi, vitu unavyopanda mara moja ukavuna miaka na miaka. Mabwana shamba huyaita mazao ya kudumu.

Aliyekufundisha kachanganya na per annum (kwa mwaka), ambako per kweli ni "kwa kila". Katika neno la Kilatini perennis, per ni "kupitia mwanzo hadi mwisho", na annus ni mwaka. Irabu a iligeuka e ndani ya neno, kama kwenye millennium. Yaani ni kitu kinachodumu mwaka mzima. Na Warumi wenyewe hawakuishia hapo. Mshairi wao Horatius, mwaka 23 KK, alijivunia kuwa mashairi yake ni mnara "perennius", yaani wa kudumu zaidi, kuliko shaba, wala hakuwa akihesabu miezi 12. Waingereza walilichukua katikati ya karne ya 17, mwanzoni kwa miti isiyopukutisha majani.

Leo tazama nomino inayofuata. Kwa mto, ni maji yasiyokatika mwaka mzima. Ruaha Mkuu ulikuwa hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipoanza kukauka kiangazi. Ukiandika "mto wa kila mwaka", hata korongo la msimu limo, kwa sababu nalo hupitisha maji kila masika! Kwa mmea, ni ule unaoishi zaidi ya miaka miwili, na shina lisikudanganye: mgomba ukishazaa hukatwa, lakini tunguu chini linaendelea kuchipua, mama, mtoto na mjukuu. Mbaazi pia zikiachwa huishi miaka kadhaa, ingawa wengi huzing'oa. Kwa tatizo, sema sugu.

Sasa niseme linaloniudhi. Makosa kama haya nayakuta kila mara, na mengi chanzo chake ni hawa wanaouza masomo ya "kata neno, pata maana". Wanachukua pesa za vijana wanaotafuta riziki kwa tafsiri, wanawapa vipande viwili vya Kilatini na kuwaambia kamusi haina haja. Asili ya neno inakuonyesha lilikotoka tu. Maana yake ya leo unaipata kwa wanaolitumia. Kibarua kilikuwa kikaratasi, barua ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa; leo ukisema "nimeajiri vibarua kumi", nani atafikiria karatasi?

Kabla hujarudisha kazi, pekua kama kuna "biennial" na "biannual". Yote mawili yamejengwa kwa "mbili" na "mwaka". La kwanza ni kila baada ya miaka miwili, la pili ni mara mbili kwa mwaka. Kwa kukata vipande huwezi kuyatofautisha, na kama yamo kwenye ratiba ya ukaguzi au malipo ya mradi, mteja wako ataliona kosa hilo kabla ya lile la mazao.